Naomba ushauri: kaolini ya Pugu na unyevu wa Dar

Wakuu, habari za leo. Niko Dar, nafanya utafiti wa shahada kuhusu udongo mweupe wa kaolini kutoka vilima vya Pugu. Natumia spektra ya infraredi (mchoro wa mwanga wa infraredi unaonyonywa na sampuli, wenye vilele panaponyonywa zaidi), na nimekwama.

Kaolini safi iliyopangika vizuri huonyesha vilele vinne vya haidroksili (jozi ya oksijeni na hidrojeni, OH): 3695, 3669, 3652 na 3620 cm⁻¹. Hicho cha mwisho ni cha haidroksili iliyojificha ndani ya tabaka. Mimi napata cha kwanza na cha mwisho vizuri kabisa, ila viwili vya kati vimeyeyuka kuwa bega moja. Pembeni, karibu na 3400, kuna nundu pana, na kingine kidogo kwenye 1630. Hayo najua ni maji. Potasiamu bromidi, chumvi ninayochanganya na unga wa sampuli kutengeneza vidonge vya kupimia, inanyonya unyevu kama chumvi ya jikoni msimu wa masika. Kidonge kinatoka kwenye mashine kinang'aa, nikigeuka kuandika jina la sampuli tayari kina ukungu.

Sasa swali: vilele vya kati vimepotea kwa sababu fuwele zenyewe zimevurugika, au nimesaga mno? (Nilisaga dakika ishirini, nakiri.) Nikikausha unga kwenye oveni nyuzi 110 usiku kucha itatosha? Au niachane na vidonge, niombe mashine ya ATR, inayopima infraredi bila kidonge, unga unawekwa moja kwa moja juu ya almasi?

Raman (kipimo kingine, cha mwanga wa leza) nilijaribu, mng'ao wa sampuli ukafunika kila kitu.

Aliyewahi kupitia haya anisaidie, msimamizi anataka matokeo Ijumaa.