Mtoto anaposema kuku ni mkubwa kuliko ng'ombe

Mwalimu wa Awali

Habari za kazi, walimu na wazazi wenzangu. Ninafundisha watoto wa miaka 4 na 5, na kwa wiki mbili sasa tumekuwa tukilinganisha wanyama wa kufugwa kwa kutumia kikapu cha wanyama wa plastiki. Jana nilimwuliza mtoto mmoja yupi ni mkubwa kati ya ng'ombe na kuku, akajibu bila kusita kwamba ni kuku. Nilipotazama vizuri nikaona kuwa kuku wetu kweli anampita ng'ombe kwa kimo, kwa sababu hawakununuliwa pamoja. Nilimsahihisha, akanitazama kama mtu aliyeonewa. Nifanyeje ili mchezo huu usiwachanganye, na nianze na sifa zipi?

Bibi Mlezi

Mwalimu, mtoto alikuwa sahihi, na ningekuwa wewe ningemwambia hivyo mbele ya wenzake. Ulimwuliza juu ya vitu alivyovishika, naye akakujibu juu ya vitu hivyo hivyo. Ukitaka kuzungumzia ukubwa halisi, weka plastiki kando na ukate kamba: yapata sentimita 130 kwa kimo cha ng'ombe mabegani, 70 kwa mbuzi na 40 kwa kuku, ingawa vimo hutofautiana kulingana na aina ya mnyama. Zitandaze sakafuni, kisha kila mtoto alale kando ya kamba na aseme mwenyewe nani amemzidi nani. Neno "kuliko" watalitamka mara nyingi bila wewe kuwakaririsha.

Mfugaji Mstaafu

Naunga mkono kamba, lakini mimi ningeanza na miguu, kwa kuwa ukubwa huisha utamu haraka. Kanda udongo laini, utengeneze mihuri ya nyayo, na watoto waigandamize: ukwato wa ng'ombe na wa mbuzi umepasuka sehemu mbili, wa punda ni mmoja usiopasuka, kuku ana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, na bata ana ngozi kati ya vidole. Baada ya hapo waulize ni nani angetembea vizuri kwenye matope na nani angeogelea, wajaribu kwa vijiti na kwa vijiko ndani ya beseni la maji. Kwa mbuzi na kondoo, ambao hata watu wazima huwachanganya, waonyeshe mkia: wa mbuzi kwa kawaida husimama, wa kondoo huning'inia.

Mwanachuo wa Ualimu

Ningeongeza tahadhari moja, kwamba kila mchezo ubebe sifa moja tu, kwani mtoto wa umri huo akianza kupanga kwa miguu huweza kuhamia kwenye rangi katikati ya kazi bila kujua kuwa amehama. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, aliwaonyesha watoto shanga za mbao, nyingi za kahawia na chache nyeupe, akauliza kama zilizo nyingi zaidi ni za kahawia au za mbao, na wadogo walijibu kuwa ni za kahawia. Kwa hiyo usishangae ukiweka ng'ombe watano na mbuzi wawili, ukauliza kama ng'ombe ni wengi kuliko wanyama, ukajibiwa ndiyo. Pia usiwapangie makundi mapema. Waache wapange wao, kisha uwaulize sababu.

Mwalimu wa Awali

Nawashukuru sana. Leo nilimwomba radhi yule mtoto, kisha tukatandaza kamba. Alimchukua kuku wake wa plastiki, akamlaza kando ya kamba fupi kuliko zote, akasema, "Mwalimu, huyu hafiki hata kwenye kamba yake." Swali la ng'ombe na wanyama liliwashinda wote, nami nimeliweka kando kwa sasa. Kesho ni zamu ya udongo.