GPA ya sayansi 2.9: nirudie masomo au nichukue mapya kabla ya kuomba vyuo vya PA Marekani?

Tumaini_PA
Wakuu, naomba msaada wa hesabu kabla sijalipia muhula mwingine. Nataka kuomba vyuo vya wasaidizi wa madaktari (PA) huku Marekani. GPA (wastani wa alama, juu kabisa 4.0) ya jumla ni 3.35, lakini ya sayansi ni 2.9 kwenye krediti 60 (krediti ni uzito wa somo). Kinachoniumiza ni D ya kemia oganiki na C ya fiziolojia. Chuo changu hufuta alama ya zamani ukirudia somo. Nirudie hayo mawili au nichukue mengine ya ngazi ya juu? Na saikolojia na takwimu, ambazo nina A, zinahesabiwa kama sayansi?

PimaKwanza
Chuo chako kinafuta, CASPA haifuti. Hapo ndipo waombaji wengi hupotea. CASPA ndio mfumo wa pamoja ambao vyuo vingi vya PA hupokelea maombi, na hukokotoa GPA upya kutoka transkripti zote za kila chuo cha Marekani ulichosoma. Kila mara uliyofanya somo inaingia.

Chukua hiyo D. Kama somo ni la krediti 4, ina pointi 4 (D ni pointi 1 kwa kila krediti, A ni 4). Ukirudia na kupata A, unaongeza pointi 16. Transkripti ya chuo chako itasoma 4.0 kwa somo hilo. CASPA itagawanya pointi 20 kwa krediti 8 na kupata 2.5.

Saikolojia huwekwa kwenye sayansi za jamii, na takwimu kwenye hesabu. Zote mbili zinapandisha GPA ya jumla tu. Anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na jenetiki ni baiolojia, kwa hiyo ndizo zinazosukuma ya sayansi.

Mama Transkripti
Ndugu Tumaini, tenganisha maswali mawili: alama inayokuzuia kuomba, na alama inayoshusha wastani.

Kama chuo unachokitaka kinadai kemia oganiki, D inakuzuia. Vyuo vingi havikubali chini ya C kwenye masomo ya lazima, na vingine vinataka B. Hiyo rudia. C ya fiziolojia haina jibu moja. Soma masharti ya kila chuo kwenye orodha yako: kama C inakubalika na somo halijapitwa na muda (vyuo kadhaa huweka ukomo wa miaka 5 hadi 10), iache. Krediti hizo zipeleke kwenye baiokemia, jenetiki au imyunolojia, maana A ya somo gumu zaidi inaonyesha umeuvuka udhaifu wenyewe.

Sasa wastani. Krediti 60 kwa 2.9 ni pointi 174. Ili kufika 3.2 unahitaji takriban krediti 23 za A tupu. Ukipata A- (3.7) kila somo, zinakuwa 36. Tofauti ya alama ndogo hiyo moja ni krediti 13, karibu muhula mzima! Kwa hiyo usijaze masomo manne ya maabara kwa pamoja ili umalize haraka. Mawili yenye A yanakufaa kuliko manne yenye B.

Tumaini_PA
Nashukuru sana. Sehemu ya krediti hizo ni za chuo cha mihula ya robo mwaka, na kuna W mbili (masomo niliyojitoa). Zinaathiri?

PimaKwanza
Krediti za robo mwaka zidishe kwa theluthi mbili: 5 zinakuwa 3.33. Kama kwenye zile 60 umezijumlisha bila kubadilisha, fanya hesabu upya. W haiingii kwenye GPA, ila WF (kujitoa ukiwa unafeli) inahesabiwa kama F, kwa hiyo angalia transkripti imeandikaje.

Daftari la Maabara
Niongeze kwa nini wanakomalia sayansi. Sehemu ya kwanza ya masomo ya PA, kwa kawaida mwaka mmoja hivi, ni ya darasani: anatomia, famakolojia na tiba vikienda kwa pamoja, kasi kubwa. Anayefeli hapo hana nafasi ya kupumua. Tena vyuo hutakiwa kuchapisha matokeo ya wahitimu wao kwenye PANCE, mtihani wa kitaifa wa kuthibitishwa kuwa PA, kwa hiyo wanatafuta ushahidi kwamba utaubeba mzigo huo.

Ndiyo maana baadhi hupima pia krediti 60 za mwisho. Kwa mwenye mwanzo mbaya, vyuo hivyo ndivyo vya kutanguliza. Lakini kima cha chini hakikadiriwi: palipoandikwa 3.0, ukiwa na 2.98 fomu inaweza kuchujwa kabla mtu hajasoma barua zako wala saa zako za kuhudumia wagonjwa. Tumaini, kwa 2.9 ya sasa usitume kwenye vyuo vya aina hiyo hadi alama mpya ziwe zimeshaingia kwenye transkripti.