Msaada: mitamba chotara kutoka Njombe wanatweta hapa Chalinze, ni jua au ni chakula?

Mzee wa Mkwaju
Wakuu, heshima kwenu. Nina ng'ombe 14 wa kienyeji, nachungia Chalinze. Desemba niliongeza mitamba 6 chotara wa Friesian, wale wa maziwa, kutoka Njombe kwenye baridi. Sasa ni Februari, kaskazi imekolea, na hawa wageni wamenishinda. Saa nne asubuhi wameshakimbilia chini ya mkwaju, ulimi nje, udenda unachuruzika. Wenzao wa kienyeji wanakula kama hawalioni jua. Nyasi zimebaki mabua, kwa hiyo wakirudi saa saba nawamwagia pumba ya mahindi na mashudu ya alizeti. Cha ajabu, wakishakula ndiyo wanazidi kutweta. Mchungaji anasema watazoea. Naambiwa watazoea tangu Krismasi! Nifanyeje?

Kokoto
Uza, nunua Boran, ng'ombe wa nyama anayevumilia jua. Mimi nilinyoosha mikono mapema.

Mama Malisho
Usimkimbize kaka wa watu. Mzee wa Mkwaju, jibu umelitaja mwenyewe: saa saba. Tumbo la kucheua ni kama pipa la pombe, vijidudu vinachachua chakula na kazi hiyo inatoa joto. Joto hilo hupanda saa kadhaa baada ya mlo. Ukilisha saa saba, jiko la ndani linakolea saa kumi, na la nje halijapoa. Mabua nayo yana nyuzi nyingi: yanamchosha kuyasaga, yanatoa joto jingi na nguvu kidogo.

Pumba na mashudu peleka jioni jua likizama, joto lake limtoke usiku. Na usimwage nyingi kwa mkupuo. Ng'ombe anayedondosha udenda anapoteza mate ambayo ndiyo yanayotuliza uchachu tumboni. Ukimjazia wanga wakati huo unamtafutia ugonjwa mwingine. Weka chumvi ya kulamba. Molasi kidogo pia inafaa kwa sababu ina potasiamu, na ng'ombe akitoka jasho hupoteza potasiamu. Maji yawe kivulini, wasiyafuate mbali juani.

Nusu Ekari
Mbona wa kienyeji wanakula mabua hayohayo na hawatweti?

Mama Malisho
Zebu, yaani huyo wa kienyeji mwenye nundu, kaumbwa hivyo. Ngozi imelegea, manyoya mafupi yanayong'aa, anatoka jasho vizuri, na mwili wake hauchomi chakula kwa kasi. Ndiyo maana hata maziwa ni kidogo. Chotara ana injini kubwa, na lile doa jeusi mgongoni linanyonya jua.

Mkia wa Fahali
Niongeze la manyoya. Ng'ombe wa baridi anavaa koti refu, na kinachomwambia alivue ni urefu wa mchana zaidi kuliko joto lenyewe. Huku kwetu mchana haubadiliki sana, kwa hiyo usitegemee koti lidondoke haraka. Tena akiwa na njaa analing'ang'ania: nywele zinasimama, zimefifia. Ukiona mtamba ana koti kuukuu Februari, mtazame na mbavu.

Kuzoea kupo, wiki kadhaa, ila sehemu kubwa ya kuzoea ni kula kidogo na kupunguza moto wa mwili. Atatulia, lakini hatakua upesi. Halafu jiandae na masika. Nyasi changa ni laini tumboni, sawa, lakini hewa ikiwa na unyevu jasho halikauki, kama shuka ulilolianika siku ya mvua.

Sindano Moja
Wote mnasema joto, hakuna aliyeuliza kipimajoto. Mzee, kesho saa kumi na moja alfajiri, kabla hawajatoka zizini, pima kila mmoja njia ya haja kubwa. Mwenye shida ya jua tu huwa amepoa usiku, utamkuta kwenye 38.5 hadi 39 na ushee. Ukikuta 40 na zaidi alfajiri, usisingizie kaskazi. Papasa matezi chini ya masikio na mbele ya bega. Ng'ombe wa Njombe aliyeshushwa kwenye kupe wa Pwani, mimi nawaza ndigana kwanza, homa inayoletwa na kupe.

Mzee wa Mkwaju
Mrejesho. Wanne wako 38.7 hadi 39.1. Wawili nimekuta 40.6 na 40.9, na matezi yamevimba kama ndimu. Nilikuwa nawamwagia maji mgongoni wiki nzima nikidhani jua! Mtaalamu wa mifugo amekuja, kachoma sindano, anarudi kesho.

Wanne waliobaki nimewahamishia ratiba: wanatoka alfajiri, saa tatu na nusu wako kivulini, wanarudi malishoni saa kumi hadi saa mbili usiku, pumba baada ya hapo. Siku ya nne leo, saa sita mchana nimehesabu pumzi za mmoja: 58 kwa dakika. Kabla ya hapo zilikuwa 90.

Sasa mchungaji anadai posho ya usiku na tochi, anasema fisi hawajui ratiba.

Kokoto
Tochi mpe leo hii. Posho mkae mzungumze.