Tupeane uzoefu: Tuliowahi kukodi filamu kwa njia ya posta

Mwanzisha mada, Minnesota

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Tarehe 29 Septemba 2023 Netflix ilituma DVD zake za mwisho kwa posta, baada ya kuifanya kazi hiyo tangu mwaka 1998, na mimi nilikuwa mteja wao wa bahasha nyekundu kuanzia 2006 mpaka siku hiyo. Wengi wetu tulioko Marekani na Uingereza tulipitia huduma za namna hii katika miaka yetu ya mwanzo ugenini, na ningependa tuelezane zilitufaa nini na zilitusumbua wapi, maana watoto wetu wanaofungua filamu kwenye simu hawaamini kwamba tulikuwa tukizisubiri kama barua kutoka nyumbani.

Kwa asiyefahamu, mteja alilipa ada moja ya mwezi, akapanga kwenye tovuti foleni ya filamu anazozitaka, na kampuni ikamtumia ile ya juu zaidi katika foleni hiyo iliyokuwapo ghalani. Faini ya kuchelewesha haikuwapo. Ungeweza kukaa na DVD hata miezi mitatu, ila usingeletewa nyingine mpaka urudishe uliyonayo. Bahasha iliyoileta ndiyo iliyoirudisha: ulichana kipande cha juu, ukabaki na bahasha yenye anwani ya ghala na gharama ya posta iliyokwisha kulipwa. Nikiitumbukiza Jumatatu asubuhi, Jumanne nilipata barua pepe kwamba imefika, na mara nyingi Jumatano nyingine ilikuwa kisandukuni, kwa sababu walikuwa na maghala zaidi ya 50 nchi nzima.

Lakini kilichonifanya nidumu nao miaka yote hiyo ni mama. Alikuja kukaa nasi majira ya baridi ya 2009, Kiingereza hajui, na kwa theluji ile alikuwa ndani kutwa nzima. Mama ni mtu wa Tanga, na usichana wake aliumalizia kwenye filamu za Kihindi pale sinema ya Majestic, hivyo nikaijaza foleni yangu filamu za Kihindi za miaka ya sitini na sabini, ambazo hakuna duka la kukodi lililokuwa nazo mjini kwetu. Maandishi ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza. Niliketi zuliani karibu na miguu yake nikimtafsiria kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, kwenye kanda za video za Dar es Salaam, naye alinikataza jambo moja tu: nisitafsiri nyimbo, kwa kuwa nyimbo anazielewa mwenyewe.

Baada ya wiki mbili hakungoja tena nirudi kutoka kazini. Alijifunza ufunguo wa kisanduku cha barua, akawa anavaa koti langu juu ya kanga na kuteremka ngazi saa nane mchana, na nikifika jioni naikuta bahasha mezani, haijafunguliwa, imewekewa kikombe juu yake.

Mchangiaji, Ohio

Shikamoo kaka. Nimekusoma hadi mwisho na nimemkumbuka mama yangu.

Uzoefu wangu una uchungu kidogo. Nilijiunga na kampuni nyingine, ambayo sitaitaja, kwa mpango wa DVD tatu kwa wakati mmoja uliotangazwa kuwa hauna kikomo. Nilikuwa nafanya kazi za usiku za kutunza wazee, mchana sipati usingizi, kwa hiyo nilitazama filamu siku ileile ilipofika na kuirudisha kesho yake. Mwezi wa kwanza nilipata filamu kumi na moja. Mwezi wa tatu nilipata sita, ingawa mwenendo wangu haukubadilika. Niliandika kwenye daftari tarehe ya kila DVD kutoka na kuingia, na daftari likanionyesha kwamba posta haikuchelewa hata siku moja, bali DVD yangu ilipofika ghalani ilikaa siku tatu ndipo iliyofuata ikatoka.

Nilipopiga simu nikiwa na daftari mkononi, walinirudishia nusu ya ada ya mwezi ule bila ubishi. Hesabu yao naielewa: ada haipandi, lakini kila DVD inayokwenda na kurudi inawagharimu posta mara mbili, kwa hiyo mteja anayetazama sana huwatia hasara. Ninachokilalamikia ni kwamba hawakuniambia. Mtu akiniambia kikomo ni filamu nane, nitapanga maisha yangu kwa filamu nane.

Mchangiaji, Leicester

Huku Uingereza tulikuwa na LoveFilm, ambayo Amazon iliimiliki yote mwaka 2011 na kuifunga tarehe 31 Oktoba 2017. Kwangu tatizo halikuwa la kampuni. Nilihama kutoka Toronto na deki yangu, na DVD ya kwanza kuletewa ikakataa kucheza. Nikaisuuza, nikaifuta, nikaiweka mara tano. Kumbe DVD za Marekani na Kanada ni za kanda namba 1, za Ulaya ni namba 2, na za sehemu kubwa ya Afrika ni namba 5, na deki yangu ilisoma namba 1 peke yake. Mnaotuma deki nyumbani kwenye mizigo, tafadhalini liangalieni hilo kwanza.

Mchangiaji, Maryland

Mimi niliacha DVD mwaka 2011, Netflix ilipotenganisha huduma zake mbili, ya DVD na ya intaneti, na kila moja ikawa dola 7.99, hali zote mbili pamoja zilikuwa dola 9.99. Nilibaki na ya intaneti nikidhani filamu ni zilezile. Sizo. Kwenye DVD nilizipata filamu za zamani na makala za historia ambazo mpaka leo sizioni popote, na ule uamuzi naujutia.

Mwanzisha mada, Minnesota

Marahaba, dada wa Ohio, na pole sana. Hilo daftari lihifadhi.

Kaka wa Maryland, zipo bado njia. Aliyeko Uingereza anaweza kujiunga na Cinema Paradiso, wanaoendelea kutuma DVD kwa posta, na kwetu Marekani Scarecrow Video ya Seattle, ambayo siku hizi ni shirika lisilo la faida lenye filamu zaidi ya 140,000, nayo hukodisha kwa posta.

Dada wa Leicester, hilo la kanda nililifahamu kwa bahati. Mwishoni Netflix ilituruhusu kubaki na DVD tulizokuwa nazo, na waliojiandikisha wakaahidiwa za ziada, zisizozidi kumi, kutoka kwenye foleni zao. Niliifuta foleni yangu yote, nikaacha filamu za mama peke yake, na zikanijia nne. Nilipokwenda Tanga Desemba ile nilibeba na deki yenyewe, pamoja na transfoma ya umeme, kwa kuwa ya huku inatumia volti 120. Mama alizipokea ndani ya bahasha zake nyekundu, na ndimo anamozitunza hadi sasa, kabatini chini ya kanga zake.