Mrejesho: Nimepona ugonjwa wa ubongo, lakini nyuso za watu zinanichanganya

Nimerudi na mrejesho, jamani. Niliwauliza kwa nini, tangu nitoke hospitali nilikolazwa baada ya ubongo kuvimba kwa sababu ya virusi vya hapesi (herpes), namtazama mke wangu analia na mimi nadhani ana mafua. Wengi mlinisihi nimwone mwanasaikolojia anayeshughulika na mambo ya ubongo. Nikaenda.

Alinionyesha picha za nyuso, moja moja: furaha, huzuni, hasira, hofu, kinyaa, mshangao. Furaha nilipata zote. Kwenye hofu nilichemka vibaya; kila aliyetoa macho nilisema ameshangaa. Akanieleza kuwa virusi hivi hushambulia zaidi sehemu za ubongo zilizo usawa wa masikio, na humo ndani kuna kijisehemu chenye umbo la lozi, amigdala, kinachotusaidia kuitambua hofu usoni mwa mtu. Kumbe si roho mbaya! Mke wangu aliomba maelezo hayo yarudiwe mara mbili.

Sonona nayo ilipimwa, ninayo kiasi. Naendelea na mazungumzo kila wiki na usingizi umeanza kurudi.

Nyumbani tumekubaliana aniambie kwa mdomo, "Hapa nimekasirika." Nami nasikiliza zaidi sauti kuliko kutazama sura. Jana alikaa kimya muda mrefu, nikajikaza nikamuuliza, "Umeudhika au umechoka?"

Akasema, "Nina njaa."