Naombeni ushauri: filamu ya saa mbili na nusu, maandishi ya chini mwanzo mwisho, inafuatiliwaje?

Safu ya Nne
Wakuu, habari zenu. Wiki ijayo mjini kwetu linaanza tamasha la filamu za kimataifa. Nina tiketi mbili za filamu moja, Jumamosi usiku. Ni ndefu, lugha yake sijui hata salamu, kila kitu kinafuatwa kwa maandishi ya chini. Mwongozaji atakuwepo kujibu maswali baada ya filamu.

Mtu afanyeje ili aielewe bila kuchoka? Akae wapi? Asome habari yake kabla? Viti havina namba, anayewahi ndiye anayechagua. Silali vizuri, nawaza tutakaa pabaya na siku nzima iharibike. Nawasilisha.

Kiti cha Mbele
Kosa lako ni kununua filamu moja. Tamasha ni la kuzama. Mimi huangalia nne kwa siku, siku ya tatu macho yanawasha lakini roho imeshiba. Na usifuate urefu. Dahomey ya Mati Diop haifiki dakika 70, na ndiyo iliyobeba Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka 2024.

Mama Wawili
Kuhusu kuchoka nina kisa. Mwaka wangu wa kwanza tamashani nilisinzia katikati ya filamu ya watu wa milimani. Nilipolala farasi alikuwa hai, nilipoamka wanamzika. Mpaka leo sijui alikufa na nini, na ukumbi mzima ulikuwa unalia. Lala mchana, mpendwa.

Mnyoofu
Mimi nashauri tofauti. Filamu nyingine za nje zina mambo ambayo mtu mwenye maadili hawezi kukaa nayo na familia. Soma kwanza kitabu cha ratiba, ujue unampeleka nani kwenye nini.

Bahasha
Mleta uzi, rudi kidogo. Umesema tiketi mbili, ukasema "tutakaa pabaya". Nyie na nani? Maana swali umeliuliza kama la mtu mmoja.

Safu ya Nne
Ni mtu wangu wa karibu. Maandishi ya chini hayasomi haraka, ndiyo maana nauliza.

Bahasha
Hayasomi haraka au hayasomi kabisa? Ushauri ni tofauti. Mistari miwili hukaa kwenye skrini sekunde tano, sita, basi. Haimsubiri mtu.

Safu ya Nne
Sawa. Ni baba yangu. Ana ugonjwa wa macho unaoharibu katikati ya jicho. Pembeni anaona, katikati anasema kuna moshi. Mwanzo tuligundua kwa gazeti: alikuwa analishika kando ya uso kama mtu anayechungulia mlangoni. Siku hizi halishiki tena.

Baba alikuwa mwendesha mashine za sinema zaidi ya miaka ishirini. Sinema yote niliyonayo nimeipata kwake. Nataka aingie ukumbini tena kabla hata pembeni hapajafungwa. Nimepanga kumnong'onezea tafsiri. Nimeshanunua tiketi na nimeshaandika muhtasari wa hadithi kurasa nne, naukariri kila usiku. Kwa hiyo naomba tusijadili kama niende au nisiende.

Bahasha
Pole sana dada/kaka. Lakini kunong'ona saa mbili na nusu? Safu tatu zitakusikia, na watu wa tamasha ni wakali kuliko wa sinema za kawaida. Ulizeni waandaaji kama wana masimulizi ya sauti ya vifaa vya masikioni. Ila fahamu kwamba hayo kwa kawaida huelezea picha. Mzee wako anahitaji mtu wa kumsomea maneno, na hicho ni kitu kingine, si kila ukumbi unacho.

Safu ya Nne
Dada. Nimeshauliza, hawana.

Na kunong'ona si ajabu kama mnavyodhani. Japani enzi za filamu bubu walikuwa na benshi, mtu anasimama kando ya skrini anasimulia filamu nzima, anaigiza na sauti za wahusika. Watu walikuwa wanaenda kumsikiliza yeye.

Kiti cha Mbele
Benshi ukumbi wote ulikuja kumsikia. Wewe utakuwa umekuja kumsikia mwongozaji, na jirani yako amekuja kusikia filamu. Badilisha tiketi. Kwenye ratiba kila filamu imeandikwa lugha yake. Tafuta ya lugha anayoijua mzee, au filamu bubu yenye wapiga muziki ukumbini, matamasha mengi huwa nazo.

Safu ya Nne
Filamu hii nimeichagua kwa sababu. Inahusu mtu anayerudi kwenye kijiji alichokiacha akiwa kijana. Sibadilishi.

Mama Wawili
Na yeye mzee anasemaje?

Safu ya Nne
Hajui. Ni zawadi ya kushtukiza.

Pilipili Kavu
Wadau, mnakunywa chai hapa. Posti ya kwanza swali ni kuchoka. Ya pili "hasomi haraka". Ya tatu baba haoni na, kwa bahati, alikuwa mwendesha mashine za sinema. Ya nne filamu inahusu mzee anayerudi nyumbani. Kesho mwongozaji atakuwa mjomba wake aliyepotea. Huyu anaandika script, anatupima tutalia wapi.

Mnyoofu
Hata mimi nilishtuka. Mtu mwenye baba mgonjwa hasemi habari za benshi.

Mama Wawili
Kwani mwenye baba mgonjwa haruhusiwi kusoma? Jamani.

Fundi wa Gurudumu
Mimi ni msomaji tu humu, ila hapa naingia. Nimefanya kazi chumba cha mashine miaka kumi na moja, mkanda wa milimita 35, mashine mbili. Dada, kamuulize mzee swali moja: juu kulia kwenye picha, gurudumu la mkanda linapokaribia kuisha, alikuwa anatafuta nini? Usiende kutafuta mtandaoni. Kamuulize yeye, uandike alivyosema.

Pilipili Kavu
Dakika tano tutapata jibu lenye harufu ya intaneti.

Safu ya Nne
Nimechelewa kurudi, ni usiku sasa. Nilimuuliza akiwa amekaa barazani.

Alicheka kwanza. Akasema anatafuta vidoti viwili. Cha kwanza unawasha mota ya mashine ya pili, unahesabu, cha pili unahamisha picha. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe hewani ukavuta kitu ambacho hakipo. Halafu akaongeza kwamba kopi ya filamu ikishazunguka kumbi nyingi vidoti vinakuwa vingi, kwa sababu kuna wenzao waliokuwa wanakwaruza vya kwao kwa msumari, hujui umwamini nani. Alikasirika kabisa, kama jambo la jana.

Fundi wa Gurudumu
Huyo amefanya kazi. Mimi mwenyewe nimewatukana sana watu wa msumari. Mpe shikamoo yangu.

Pilipili Kavu
Ya msumari sikuwahi kuisikia. Nimerudi nyuma hatua moja. Endelea dada.

Safu ya Nne
Akauliza kwa nini nauliza. Ikabidi nimwambie yote: tiketi, kurasa nne, kunong'ona. Alikaa kimya muda, nikadhani nimemuumiza. Akasema: "Miaka yote ile nimeangalia filamu kupitia kidirisha, mashine inanguruma sikioni. Nani kakwambia nilikuwa nasikia wanachosema?"

Ukumbini hataki neno. Kurasa zangu nimsomee Ijumaa usiku, mara moja, polepole. Jumamosi anataka picha. Na hataki safu ya nne katikati niliyozoea kukaa naye. Anataka mbele kabisa, pembeni, picha iwe kubwa na aielekezee upande wa jicho unaoona.

Sikuwa nimefikiria hilo kabisa. Nilikuwa nimepanga tuwahi saa nzima ili tupate katikati.

Swali langu sasa ni dogo: wenye uzoefu, viti vya mbele pembeni kwenye tamasha vinawahiwa? Hawezi kusimama kwenye foleni muda mrefu.

Kiti cha Mbele
Mbele pembeni huwa pana nafasi hata ukumbi ukijaa, watu wanaogopa shingo. Ila mweleze mtu wa mlangoni mapema kuhusu macho, muingie kabla taa hazijazimwa. Ngazi za mle ndani ni mbaya gizani.

Fundi wa Gurudumu
Na mwambie siku hizi hakuna vidoti. Asije akakaa anavisubiri.

Safu ya Nne
Nimemwambia. Amesema atavisubiri tu.