Kura nyingi halafu unakosa urais, Marekani inakuwaje?

Wakuu naomba kueleweshwa, 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kura kama milioni 2.9 nchi nzima halafu akakosa urais, hii imekaaje?

> Mkuu kule rais anachaguliwa na wajumbe maalum 538 wanaotoka majimboni, akifikisha 270 kashinda, na karibu majimbo yote ukiongoza hata kwa kura chache unabeba wajumbe wote, cheki Florida 2000, Bush alimzidi Gore kura 537 tu akazoa wajumbe wote 25 na Ikulu akaingia.

> Majimbo ya Maine na Nebraska tu ndo wanagawana wajumbe.

> Idadi ya wajumbe wa kila jimbo ni wabunge wake kwenye Baraza la Wawakilishi la Marekani jumlisha maseneta wake 2, ndo maana hata Wyoming yenye watu kiduchu ina 3. Mi naona wa California yenye watu kibao wanapunjwa kabisa.